Kuongoza ukoo kwenye Clash of Clans
Kuanzisha ukoo, yaani kundi la wachezaji, kwenye gemu ya simu ya Clash of Clans ni rahisi: unalipa dhahabu 40,000 za ndani ya gemu, unaupa jina, unachagua nembo, basi. Kazi ni watu. Nafasi ziko 50, na ukiacha mlango wazi zinajaa haraka, halafu vita vikianza hao watu hawaonekani.

Ndiyo maana mimi hupokea kwa maombi tu, na nasoma kila ombi. Vita kati ya ukoo na ukoo vina siku moja ya maandalizi na siku moja ya kushambulia, kila mchezaji mashambulizi mawili. Asiyeyatumia anawaangusha wenzake waliomjazia askari kwenye ngome ya kijiji chake cha gemu. Hilo linaniuma kweli. Lakini simfukuzi mtu kabla sijamuuliza. Wengine bando limeisha, wengine umeme umekatika. Mmoja alikuwa anauguza mzazi hospitalini, na ukoo mzima ukawa unamjulia hali kila jioni.

Cheo cha kiongozi mwenza simpi mwenye kijiji kikubwa. Kiongozi mwenza anaweza kuanzisha vita na kufukuza watu, kwa hiyo nampa mwenye subira, anayewafundisha wageni bila kuwafokea. Wiki hii nimempandisha dada mmoja wa Mombasa. Anastahili kabisa.