Msibani mimi ni wa masufuria

Watu wakisikia nina usonji (autism) pamoja na ADHD, hali ya umakini kuyumba na mwili kutotulia, huniuliza kama kazi inanishinda. Kazi hainishindi. Natunza hesabu kwenye duka la jumla la vifaa vya ujenzi, Kariakoo, na ukiniacha na ankara zangu nitakaa mpaka adhuhuri bila kuinua kichwa. Kinachonimaliza ni mambo ambayo wengine hata hawayahesabu kuwa kazi: honi za bodaboda, spika ya duka jirani, kukatizwa katikati ya kujumlisha, kumchangamkia kila anayeingia.

Luku ndiyo iliyonifungua macho. Taa inawaka usiku kucha na yuniti hazishuki sana. Chomeka pasi, uone. Nguvu zangu nazo ni hivyohivyo. Basi nikaanza kuandika jioni, nyuma ya daftari la mauzo, nimechoka baada ya nini. Nimefanya kazi saa ngapi, hilo sikuliandika kabisa. Yakajitokeza matatu: daladala ya asubuhi, simu za ghafla na shughuli za ukoo. Kupanga stoo, kazi ambayo wenzangu wanaikimbia, kumbe hainigharimu kitu.

Nilikuwa natoka kwenye kipindi kibaya. Maneno yalikuwa hayatoki, kuoga kwenyewe mtihani, taa ya jikoni inachoma macho. Nyumbani walisema malaria, na wengine wakasema mengine. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Dora Raymaker walieleza uchovu wa aina hii kwa watu wazima wenye usonji: kwa kawaida unachukua miezi mitatu au zaidi, mtu anapoteza stadi alizokuwa nazo, na kelele na mwanga havivumiliki. Wanasema hutokana na mtu kudaiwa kuliko uwezo wake, bila msaada wa kutosha. Ndiyo maana kulala Jumapili nzima hakukunisaidia kitu.

Dai kubwa kwangu ni msiba. Hapa kwetu msiba hauna udhuru, na mimi sitaki udhuru. Nataka kuwazika watu wangu. Lakini kukaa mkekani chini ya turubai, bega kwa bega, manukato ya kila mtu puani, kila anayeingia umwamkie na umkumbuke ni mtoto wa nani! Siku hizi nafika mapema watu hawajajaa, natoa pole kwa wafiwa, natoa ubani wangu, kisha napitiliza uani. Nachambua mchele. Macho yana pa kutua, vidole vinajua kokoto ni ipi, na hakuna anayedai mazungumzo kwa mtu mwenye sinia mapajani.

Mara ya kwanza shangazi alinifuata.

"Mwanangu, mbona umejificha huku? Wanakuulizia."

"Shangazi, waambie nipo, napika. Nikikaa mkekani kesho siamki."

Akaniangalia, akanisogezea sinia la pili. "Haya, na huu umalize."

Sasa wananiita mtu wa masufuria, na sifa hiyo imenipa heshima kuliko ningekaa mkekani nimenuna. Kesho yake siweki jambo lolote jioni. Hilo nalipanga kabla ya kwenda, maana nikisubiri kuchoka ndipo nipange, hata kupanga kunanishinda.

ADHD nayo ina vituko vyake. Usonji unataka mambo yawe yaleyale, ADHD inachoshwa na yaleyale. Si ajabu kwamba mpaka 2013 mwongozo wa Marekani wa matatizo ya akili haukuruhusu mtu mmoja kupewa yote mawili. Anayekaa nayo kichwani angewaambia mapema. Siku nikiamka vizuri nataka nimalize ya wiki nzima, na njaa siisikii mpaka mikono itetemeke. Kwa hiyo simu inalia saa saba, imeandikwa "kula", na siizimi kabla sahani haijawa mbele yangu.

Kupumzika kwangu si kulala. Nasuka ukili, kama nilivyofundishwa na bibi Tanga: miyaa iliyoloweshwa, mwendo uleule, rangi nabadilisha nikichoka. Hapo wote wawili kichwani wanatulia.

Simu za ghafla ndizo bado. Bosi amekubali kuniandikia ujumbe. Wateja wanapiga, tena wanaanza na "unanikumbuka?"