Kata ya kuchotea maji

Karafuu zimeanikwa uwanjani tangu juzi na nyumba nzima inanuka. Mtoto wa kaka yangu kakaa barazani, simu mkononi, anajaza maombi ya chuo. Kainua uso mara moja tu.

"Shangazi, sheria nikaisome Mwanza au hapa Zanzibar, Tunguu? Mwisho Ijumaa."

Sikumjibu. Harufu ilikuwa imeshanirudisha Chake Chake, ofisini kwa yule wakili, na ile karatasi.

Mwanza nilikwenda mwenyewe, sikupelekwa. Meli ya Mkoani mpaka Unguja, boti mpaka Dar, usiku mmoja Magomeni kwa jamaa, kisha basi la alfajiri pale Ubungo na kilomita zaidi ya 1,000 mpaka ziwani. Unateremka miguu imevimba. Walimu wazuri, sato wazuri, chuo sina ugomvi nacho hata leo. Mwaka wa pili, 2007, nikarudi Pemba kufanya fildi wiki 8, nikijiona nimeshakuwa robo wakili.

Siku ya tatu kaja bibi mmoja kutoka upande wa Ole, kavaa buibui la kizamani, kashika mfuko wa plastiki kifuani kama mtu aliyebeba mayai. Mumewe marehemu alipanda mikarafuu kwenye kiambo cha ndugu zake. Sasa msimu umeingia, shemeji kaleta wachumaji wake, anasema ardhi yake na miti yake.

Wakili kanipa kazi: andika rasimu ya madai, na mwisho useme tuanzie wapi. Nikakaa saa 2 nikatoa kurasa 3. Juu kabisa Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya 1999. Chini yake Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka huohuo. Halafu ile kanuni ya darasani kwamba kilichopandwa ardhini hufuata ardhi, ambayo ukiisoma kwa utulivu ilikuwa inampa ushindi shemeji. Nikamalizia na utaratibu: mdai aanzie Baraza la Kata, asiporidhika aende Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, kwa mujibu wa sheria ya mahakama za migogoro ya ardhi ya 2002.

Wakili hakusoma kimya. Kasoma kwa sauti, polepole, bibi amekaa mbele yake. Mimi nimesimama pembeni nasubiri sifa. Kafika kwenye Baraza la Kata, bibi kamkata.

"Kata ya nini, mwanangu? Hii ya kuchotea maji?"

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Wakili kavua miwani, kaipangusa na pembe ya shati. Mimi nikaanza kueleza kwamba kata ni eneo la utawala, lina diwani wake, lina baraza lake, na kila nikieleza bibi anaitikia kwa kichwa, kama unavyomwitikia mgeni anayeuliza njia ya Tanga naye yuko Konde.

"Sisi hapa tuna sheha," kasema kwa upole. "Wewe mwenyeji wa wapi?"

Nikasema Wete.

"Kwa nani?"

Nikamtajia babu yangu. Kumbe anamjua, na bibi yangu anamjua. Hapo aibu ikawa ya ukoo mzima.

Wakili kachukua kalamu nyekundu. 1999 kaifuta, juu yake kaandika 1992, maana sheria ya ardhi ya Zanzibar ni Namba 12 ya mwaka huo. Mabaraza yote mawili kayapiga mstari, kaandika Mahakama ya Ardhi, Namba 7 ya 1994. Kwenye kanuni ya kilichopandwa katia alama ya kuuliza moja, kubwa. Kwetu mwenye miti na mwenye ardhi wanaweza kuwa watu wawili tangu zama za mababu, na mtoto wa Wete alikuwa analijua hilo kabla hajaijua alifu. Nililisahau darasani, nadhani muhula wa tatu.

Kisha kaweka karatasi yangu kando, kamgeukia bibi. Miti mingapi? Kumi na saba, mmoja umekauka. Nani alimruhusu kupanda, na nani yu hai aliyeshuhudia? Kila msimu nani akiwalipa wachumaji pishi zao? Karafuu zikiuzwa kwa jina la nani? Hapo bibi kaufungua mfuko. Stakabadhi za mauzo ya karafuu, za miaka na miaka, zote jina la mumewe, zimefungwa kwa uzi. Ushahidi wote wa kesi ulikuwa kifuani mwa bibi tangu kaingia mlangoni, nami sikumuuliza. Nilikuwa natafuta kifungu.

Wakili kampa na upande wa pili, bila kumficha. Tukiishinda kesi ya shemeji, miti ni ya marehemu, na ya marehemu ni mirathi, na hiyo inakwenda kwa Kadhi. Mjane mwenye watoto fungu lake ni thumuni, moja ya nane.

"Najua," kasema bibi. "Iliyo hai kumi na sita. Yangu miwili. Mingine ya wanangu."

Alipiga hesabu kabla yangu.

Yaliyofuata ni mafupi. Kesi iliendelea mimi nimeshaondoka, mwisho wake niliusikia kwa simu na sikuusikia vizuri. Bibi mwenyewe keshatangulia mbele ya haki.

Mtoto huyu hataki hadithi ya bibi, anataka jibu. Basi nikamwambia yale ninayoyajua. Elimu ya juu ni jambo la Muungano, kwa hiyo shahada ya Mwanza inakubalika Zanzibar kama ya Tunguu, na hapo ndipo watu wanapoghafilika. Kinachofundishwa ndani yake si cha Muungano. Ardhi, jinai, ndoa na mirathi kila upande una zake. Sheria ya Ndoa ya 1971, niliyoisoma nikikesha, haivuki bahari. Kifungu cha 196 cha kuua kwa kukusudia, nilichokitia moyoni kama aya, ni cha Kanuni ya Adhabu ya Bara; hapa tuna sheria yetu na namba zake. Hata sheria ya Kiingereza tulipokea kwa tarehe mbali, Zanzibar 7 Julai 1897, Tanganyika 22 Julai 1920. Kesi ya Kiislamu iliyoanzia kwa Kadhi rufaa yake inaishia Mahakama Kuu ya Zanzibar, Mahakama ya Rufani ya Tanzania haiigusi. Vilivyovuka bila kulowa ni mikataba na ushahidi, kwa kuwa pande zote mbili zilivitoa India.

Na daftari la mawakili si moja. Bara, baada ya shahada unapita Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, iliyoanza kupokea wanafunzi 2008, halafu unaapishwa na Jaji Mkuu wa Tanzania. Jina lako likiwa huko halikufungulii mlango wa Mahakama Kuu ya Zanzibar. Hapa unaomba kwa Jaji Mkuu wa Zanzibar. Nimeona mtu na joho lake kapanda boti asubuhi, karudi nalo jioni halijavaliwa.

"Kwa hiyo nisiende," kasema.

Sikusema hivyo. Nikamwambia akienda, fildi zote aje kuzifanyia huku, barua aombe mapema kabla nafasi hazijajaa. Likizo akae mahakamani, awajue makarani na wao wamjue, maana waliosoma Tunguu wanawajua tangu mwaka wa kwanza. Kila sheria anayofundishwa anunue na ya Zanzibar inayolingana nayo, azisome sambamba, aandike pembeni zinapoachana. Faraidhi, yale mafungu ya mirathi ya Kiislamu, asingoje chuo, aende kwa sheikh. Na kabla ya kulipa ada aulize maktaba yao ina sheria za Zanzibar rafu ngapi. Kule kwangu zilikuwa kwenye boksi.

Upande wa pili wa mizani nao upo, nao hunisumbua. Wateja wanaonilipa vizuri leo ni watu wa Bara wanaotaka ardhi huku, wamekuja na fikra za 1999 kichwani. Naelewa wanachokosea kabla hawajamaliza sentensi, kwa sababu nilikikosea mimi kwanza. Mwenzangu wa Tunguu inambidi awaulize mara tatu.

Niliporudi Mwanza baada ya fildi, mtihani wa ardhi ulikuwa na swali la Baraza la Kata. Nikalijibu lote, na rufaa zake, nikapata A.

"Hiyo A ilikusaidia nini sasa?" mtoto kauliza.

Kazi. Ofisi ya kwanza iliyoniajiri, Unguja, iliangalia matokeo. Hakuna aliyeniuliza kata ni nini.

Kajaza Mwanza. Kaitazama, kaifuta, kaniomba chaja.