Dakika 80 za Mjomba

Wiki nzima nimekuwa nikipanga nyimbo za Mark Knopfler, yule mpiga gita na mwimbaji wa bendi ya Dire Straits ya Uingereza, kama mtu apangaye wageni wa harusi, huyu nikimuweka mbele yule atanuna. Shida yote ni gari ya mjomba. Ile Corolla yake haina blututhi wala pa kuchomeka flashi, inakula sidii tu, na sidii ni dakika 80, zikiisha zimeisha. Sasa mtu ametoa albamu tangu 1978 mpaka 2024 utambana vipi humo?

Na hiyo sidii tupu kuipata pia ilikuwa kazi, nimezunguka hapa Mombasa kutoka Mwembe Tayari mpaka Digo Road vijana wa maduka ya simu wananitazama kama nimeulizia koroboi, mwisho mzee mmoja akazitoa chini ya meza zimejaa vumbi na akakataa kuniuzia moja, ati ni mbili au niache. Haya, nikachukua mbili.

Mjomba ndiye aliyenitia ugonjwa huu. Alikuwa baharia, kazi yake chumba cha injini, na kila akirudi hakosi kaseti begani. Moja ilikuwa Brothers in Arms ya Dire Straits, ile ya 1985, akiipiga barazani kule Likoni jioni na majirani na taarab zao wakavumilia tu. Mama alikuwa akisema, "Huyu mzungu haimbi, yuwaongea." Na kweli anaongea! Ile sauti ya mtu anayekusimulia kitu usiku huku gita ndio inajibu.

Lakini kwa mjomba mambo yaliishia hapo kwa kaseti. Mwezi jana nikamtajia Knopfler, akaniuliza, "Si alistaafu yule?" Yaani niliumia, manake Dire Straits ilitoa albamu ya mwisho ya studio 1991 na nyimbo ninazozipenda mie kabisa nyingi ni za baada ya hapo, akiwa peke yake. Kwa hivyo hii sidii haikuwa zawadi, nilikuwa nataka kushinda ubishi.

Sultans of Swing haina mjadala, ile ya bendi ya jazi inapiga kwa baa London na watu hata hawana habari nayo. Huyu bwana ni mashoto lakini gita anapiga kwa mkono wa kulia, tena kwa vidole vitupu, na pale mwishoni nyuzi zinavyodonolewa kama kuku kwenye mtama mie sijachoka mpaka leo. Balaa ni Telegraph Road. Dakika 14 na ushei! Ukiiweka hiyo nyimbo mbili tatu zinalala nje. Niliitoa, nikairudisha, nikaitoa tena, halafu nikakumbuka laini ya magari pale feri ya Likoni Jumatatu asubuhi, Telegraph Road inaisha na hujasonga gari tano. Ikabaki.

Walk of Life nikaikata bila huruma, nimeisikia kwa kila hoteli ya ufuoni mpaka basi. Money for Nothing nayo nje. Brothers in Arms yenyewe ikabaki, na nilijipa moyo kwamba hata wao 1985 walikata, ile sahani ya santuri ina nyimbo zilizofupishwa kuliko za sidii, kisa nafasi.

Ila sidii yote niliijenga kuzunguka nyimbo moja, So Far from the Clyde, ya albamu ya Get Lucky, 2009. Inahusu meli kuukuu inayopelekwa ufuoni kuvunjwavunjwa. Clyde ni mto wa Glasgow walikokuwa wakiunda meli, na Knopfler kazaliwa mji huo huo. Hakuna kelele humo, meli inapigishwa mbio mpaka inapanda mchanga, kisha watu wanaanza kuila kipande kipande.

Jumamosi tukavuka pamoja. Nilinyamaza makusudi. Sultans akapiga vidole kwenye usukani, Telegraph Road akaimba maneno yasiyokuwepo, tukaingia ndani ya feri na ile ya meli ikaanza. Akazima injini, akafungua dirisha, akawa anatazama maji. Ilipoisha akairudisha mwanzo. Halafu akaniambia kwamba meli ikipandishwa hivyo injini huwa bado inanguruma, na yule wa chini anajua yeye ndiye ataizima na haitawashwa tena. "Huyu kaambiwa na nani haya?"

"Ni yule yule uliyesema kastaafu, mjomba."

Hakunijibu. Feri ikagusa upande wa pili, magari ya nyuma yakaanza honi, na yeye bado anabonyeza bonyeza redio akitafuta kitu.

"Na ile ya kuchezea iko wapi? Ile ya 1985, ya kinanda?"

Walk of Life! Basi ile sidii ya pili ndio iko kwa laptopu sai.