Siku Moja Maishani Mwangu: Chupa Isiyofunguliwa Mariashoni

Saa kumi na moja na nusu alfajiri moto ulikuwa umeshawaka, kwa maana huku Mariashoni, juu ya msitu wa Mau nchini Kenya, baridi haimruhusu mtu kuanza kazi bila chai. Mimi ni Mwogiek, wa jamii ndogo iliyoishi katika msitu huu tangu jadi, na ni mhamasishaji wa afya ya jamii, mmoja wa zaidi ya laki moja waliokabidhiwa mikoba ya kazi mwezi Septemba 2023. Mkoba wangu una kipimajoto, mizani na utepe wa kupimia mkono wa mtoto. Mwavuli haumo.

Saa moja na nusu nilibisha hodi kwenye nyumba ambayo ina mtoto wa miezi kumi anayekohoa. "Ni baridi tu, mwanangu," nyanya yake aliniambia, "jua likitoka kitaisha." Nilimwomba mama amfunue mtoto kifua, nikahesabu pumzi kwa dakika nzima: 54. Kwa umri wake, pumzi 50 kwa dakika au zaidi ni dalili ya nimonia, wala si jambo la kungojea jua. Utepe nao ulisoma sentimita 12.1, yaani rangi ya manjano, ambayo inaonyesha kwamba ana utapiamlo wa wastani. Nyanya alitazama rangi hiyo kwa muda mrefu, kisha akaingia ndani na kutoka na shuka zito la kumfunikia mjukuu.

Mvua ya usiku ilikuwa imeharibu njia kiasi kwamba hakuna mwendesha bodaboda aliyekubali kuteremka, kwa hiyo tulitembea karibu saa mbili tukipokezana mtoto mgongoni.

Zahanatini muuguzi alimpima vizuri, akatoa amoksilini na kumweleza mama jinsi ya kuyeyusha vidonge. Tatizo lilianza alipofungua kijitabu cha kliniki na kukuta kwamba chanjo ya kwanza ya surua na rubella, ambayo mtoto hupewa akiwa na miezi tisa, haijajazwa. Chupa moja ya chanjo hiyo ina dozi kumi, na ikishachanganywa, kinachobaki hutupwa baada ya saa sita. Mtoto alikuwa mmoja, hivyo mama aliambiwa arudi Alhamisi, siku ambayo watoto hukusanywa. Niliteta, kwa heshima, kwamba ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni kufungua chupa hata kwa mtoto mmoja. Muuguzi hakubisha, alinionyesha jokofu na chupa chache zilizobaki. Ninaielewa hesabu yake, lakini kwa anayeishi mjini Nakuru "rudi Alhamisi" ni usumbufu mdogo, ilhali kwa mama huyu ni saa nne za matope, kwenda na kurudi, na siku nzima ya kibarua iliyopotea. Watoto wetu wengi wanaohesabiwa kuwa "wamekosa chanjo" walifika mlangoni kabisa.

Saa saba nilipitia shuleni. Mwalimu wa Gredi ya Kwanza alinionyesha mvulana wa miaka minane ambaye anahudhuria masomo lakini hayumo katika mfumo wa wizara, kwa kuwa hana cheti cha kuzaliwa, na kwa sababu hiyo mgao wa serikali wa Sh1,420 kwa mwaka haumfikii. Mwalimu amemkubali tu kwa huruma. Alilalamika pia kwamba mtaala unataka watoto wa madarasa ya chini wafundishwe kwa lugha ya eneo lao, lakini vitabu alivyopewa ni vya lugha ya majirani zetu walio wengi. Mvulana huyo aliponijibu kwa Kiogiek, alisema mengi kuliko mwalimu aliyowahi kuyasikia kwake.

Saa tisa tulikuwa kwa naibu wa chifu kuulizia cheti cha mvulana yule. Mvulana huyo alizaliwa nyumbani, miezi sita ya usajili wa kawaida ilipita zamani, na mama yake mwenyewe hana kitambulisho, kwa hiyo itabidi tuanze na karatasi za mama. Mzee mmoja aliyekuwa benchini aliniuliza kuhusu zile fedha za Arusha. Nilimweleza kwamba Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilitupatia ushindi dhidi ya serikali ya Kenya katika kesi ya ardhi yetu ya Mau tarehe 26 Mei 2017, na tarehe 23 Juni 2022 ikaagiza fidia ya Sh157,850,000 iwekwe katika hazina ya maendeleo ya jamii yetu. Alinyamaza, kisha akauliza jokofu moja la chanjo hununuliwa kwa shilingi ngapi. Sikuwa na jibu.

Saa mbili usiku, baada ya kutuma ripoti kwa simu, nilipekua daftari langu la kaya nikitafuta watoto wengine wanaodaiwa chanjo ya surua. Nilipata sita, pamoja na yule wa asubuhi ni saba. Mama watano nimewapigia simu. Wawili hawana simu, na mmoja wao anaishi ng'ambo ya mto, kwa hiyo Jumatano nitaondoka mapema zaidi.