Uzembe wa Mfanyakazi

Ajali ikitokea kazini nchini Kenya, mwajiri anatakiwa kuijulisha ofisi yetu ya usalama na afya kazini. Ikiwa mtu amefariki, taarifa inapaswa kutufikia ndani ya saa 24, na maandishi yafuate katika siku 7. Ikiwa ameumia bila kufariki, maandishi hayo yaletwe katika muda huo huo wa siku 7. Nimezisoma fomu hizi kwa miaka mingi, nyingine zikiwa zimepigwa chapa vizuri na karani wa kampuni, nyingine zikiwa zimeandikwa kwa kalamu iliyokuwa ikikata wino, na moja, nakumbuka, ilikuja na alama ya mviringo ya kikombe cha chai. Penye nafasi ya kueleza ajali ilivyotokea, maneno niliyoyakuta mara nyingi kuliko mengine yote ni haya: uzembe wa mfanyakazi.

Mimi ni afisa wa usalama na afya kazini niliyeajiriwa na serikali, na kwa muda mrefu eneo langu limekuwa Nairobi, hasa viwanda vya Industrial Area na mijengo ya Eastlands. Kazi hii ni ngumu kuieleza kwa Kiswahili kwa sababu neno “usalama” limeshatekwa na watu wa bunduki na rungu. Shangazi yangu hadi leo anaamini kwamba nasimamia walinzi wa lango, na nimeacha kumsahihisha. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, ambayo iliiondoa ile ya viwanda yenye mizizi katika enzi za ukoloni, inaniruhusu kuingia mahali pa kazi, mchana au usiku, kuwahoji watu, kuchukua sampuli, na kusimamisha shughuli inayohatarisha maisha. Ni mamlaka makubwa kwa mtu anayefika langoni akiwa na faili, kofia ngumu na viatu vilivyojaa vumbi la matatu.

Nitaeleza kisa kimoja kwa kirefu, kwa kuwa ndicho kilichonifundisha kazi, na kwa kuwa aliyekosea ndani yake ni mimi.

Katika miaka yangu ya mwanzo niliitwa kwenye kiwanda kimoja kilichotengeneza vifuniko vya mikebe kwa mashine ya kubonyeza mabati. Kijana aliyekuwa kwenye zamu ya usiku alikuwa amepoteza vidole vitatu vya mkono wa kulia, mnamo saa kumi alfajiri. Nilifika siku mbili baadaye. Sakafu ilikuwa imepigwa deki, kizimba cha waya kinachozuia mkono usifike kwenye kinywa cha mashine kilikuwa mahali pake, kimefungwa kwa bolti, na msimamizi alinieleza kwa upole kwamba kijana alikuwa akiongea na mwenzake akapitisha mkono pembeni mwa kizimba. Niliangalia, nikauliza maswali mawili matatu, nikaandika kwa mwandiko wangu mwenyewe kwamba chanzo ni kutokuwa mwangalifu kwa mfanyakazi, na nikaagiza wafanyakazi wapewe mafunzo.

Baada ya miezi saba mashine ile ile ilimkata mtu mwingine.

Safari hii nilikwenda siku hiyo hiyo, na kizimba nilikikuta kimeegemezwa ukutani nyuma ya magunia. Nilipokitazama kwa karibu niliona jambo ambalo lingepaswa kunisimamisha mara ya kwanza: rangi yake haikuwa na mkwaruzo hata mmoja, ilhali matundu ya bolti kwenye mashine yalikuwa yamezibwa na grisi kavu ya muda mrefu. Kizimba kile hakikuwa kikitumika. Kilikuwa kikivishwa mashine mgeni anapotarajiwa. Ndipo nikauliza swali ambalo tangu hapo huliuliza kabla ya mengine yote, yaani watu hawa wanalipwaje. Jibu likawa kwamba wanalipwa kwa kipande. Kizimba kikiwepo, mfanyakazi alilazimika kuweka bati kwa koleo, kusubiri, kisha kutoa kifuniko. Kikiondolewa, aliweka kwa mkono na kukanyaga pedali bila kupumua. Tofauti ya vifuniko kwa zamu moja ilikuwa nauli yake na unga wa nyumbani. Zamu yenyewe ilikuwa ya saa 12, na juu ya mashine ile taa moja kati ya mbili ilikuwa imeungua.

Kwa hiyo mkono uliingia. Kwa mazingira yale, na kwa maelfu ya mara ambazo pedali ilikanyagwa kila usiku, ungekuwa muujiza usipoingia. Mtu hawezi kuwa mwangalifu mara elfu moja mfululizo usiku wa manane, na fundi aliyebuni mashine alilijua hilo, ndiyo maana akaweka kizimba. Mafunzo niliyoyaagiza yalitolewa kweli, na orodha ya waliohudhuria niliipata ikiwa na sahihi zote. Sahihi ya mtu wa pili kuumia ilikuwa ya tano kutoka juu.

Tangu siku hiyo nikisoma “uzembe” kwenye fomu huichukua kama swali ambalo bado halijajibiwa. Hutafuta kilichotangulia: nani aliondoa kinga, kwa faida ya nani, nani aliona akanyamaza, na je, hatari ingeweza kuondolewa kabisa badala ya kumwachia mtu glavu na onyo ukutani. Waajiri wengi hunionyesha vifaa vya kujikinga kwanza, kofia na buti na barakoa vimepangwa kama duka, na huwa nawashukuru, lakini kifaa cha kujikinga ndicho ngome ya mwisho, ya kutumiwa pale ambapo huwezi kuiondoa hatari, wala kuibadilisha, wala kuizingira.

Neno hilo huniudhi zaidi linapoandikwa juu ya marehemu wa mashimo ya maji taka. Kisa chake hakibadiliki. Kibarua anateremka kwenye shimo au tangi kuzibua, anaanguka. Mwenzake aliye juu anamwona, anateremka kumwokoa, naye anaanguka. Wakati mwingine yupo wa tatu. Ndani ya shimo kama hilo hukaa gesi ya haidrojeni salfaidi, yenye harufu ya yai viza, na ubaya wake ni kwamba ikifika kiasi cha sehemu 100 hivi katika kila sehemu milioni za hewa huua uwezo wa pua kunusa, hata mtu akadhani imeondoka kumbe imezidi. Oksijeni nayo, ambayo katika hewa ya kawaida ni karibu asilimia 21, huwa imepungua. Mtu akishazimia humo, kamba iliyofungwa kifuani mwake na stendi ya miguu mitatu iliyosimamishwa juu ya tundu ndivyo vitakavyomtoa, na kabla ya yote hayo kipimo cha gesi kingesema asishuke. Nimewahi kusoma taarifa iliyodai kwamba marehemu wa pili “aliingia bila kufikiri”. Alikuwa na kama nusu dakika ya kufikiri, na aliyekuwa chini alikuwa binamu yake.

Kuna upande mwingine wa kazi hii ambao neno uzembe halifiki kabisa, kwa sababu hakuna siku wala saa ya kuandika kwenye fomu. Ukipita Kamukunji, penye mafundi wa mabati wanaofua majiko, masanduku na karai, utasikia nyundo mamia zikilia kwa pamoja tangu asubuhi. Kanuni zetu za kelele za mwaka 2005 zinakataza mfanyakazi kukaa kwenye zaidi ya wastani wa desibeli 90 kwa saa 8, na namba hizo haziongezeki kama shilingi: kila desibeli 3 zinazoongezeka ni nguvu ya sauti iliyojirudufu. Ikiwa inakubidi kupaza sauti ili mtu aliye umbali wa mkono akusikie, basi masikio yenu nyote wawili yameanza kuliwa. Usikivu huanza kupotea kwenye sauti nyembamba, karibu na mawimbi 4,000 kwa sekunde, ambako ndiko ziliko herufi kama s na f na sauti za watoto. Fundi mmoja wa makamo aliniambia kwamba mjukuu wake siku hizi anaongea kama mtu anayenong’ona. Nilimshauri apimwe masikio, naye akacheka akasema hapo Kamukunji wote ni viziwi, wanaelewana kwa midomo. Sina fomu ya kumjazia mtu kama huyo, asiye na mwajiri mwingine ila yeye mwenyewe, ingawa hapo mahali ni pa kazi sawa na kiwanda chochote.

Sehemu ninayoipenda kidogo kuliko zote ni kusimamisha kazi. Watu hudhani vibarua hufurahi. Niliwahi kufunga mjengo wa ghorofa saba uliokuwa na kiunzi cha miti kilichofungwa kwa misumari na nyaya kuukuu, bila ukingo wowote, wanawake wakipanda na ndoo za kokoto vichwani. Nairobi ina sababu ya kuogopa majengo yanayojengwa kwa pupa; Januari 2006 jengo la Nyamakima liliporomoka wajenzi wakiwa ndani. Nilipokabidhi ilani, kontrakta alikuwa na adabu kabisa. Mama mmoja wa makamo ndiye aliyenifuata hadi langoni, akafunua ndoo yake tupu akaniambia, “Mama, leo umetulaza njaa.” Sikuwa na jibu, na bado sina. Ilani niliiacha palepale ilipobandikwa, na niliporudi siku ya tatu kiunzi kilikuwa cha vyuma, lakini yeye sikumwona tena.

Turudi kwa kijana wa vidole vitatu. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini, nayo ya mwaka 2007, haiulizi kama mtu alikuwa mwangalifu. Mwajiri hulipa, na ulemavu wa kudumu hukokotolewa kwa msingi wa mapato ya miezi 96, kulingana na asilimia ambayo daktari ameiandika. Kinachoweza kumnyima mtu haki ni utovu wa nidhamu wa makusudi, na hata huo hauhesabiki kama ameachwa na ulemavu mkubwa au amefariki. Lakini majeruhi wengi hawalijui hili. Wameshaambiwa ni kosa lao, wakaamini, wakaona aibu kudai.

Kijana huyo alikuja ofisini mwezi wa 11 baada ya ajali, akiwa amesindikizwa na mama yake, muda wa kudai ukiwa ni miezi 12. Hakuja kudai. Alikuja kuuliza kama serikali ina kazi ya mtu anayeandika kwa mkono wa kushoto, maana alikuwa amejifunza. Nilipomuuliza kwa nini hakudai fidia, alijibu kwamba afisa wa serikali aliyekuja kiwandani alikuwa amekwisha kuandika kwamba kosa ni lake, na msimamizi alimsomea maneno hayo. Hakunitambua kuwa ndiye mimi. Nilimwambia.

Mama yake alinitazama kwa muda, kisha akavuta kiti akaketi, akasema, “Basi andika tena.” Tulijaza madai siku hiyo, na alilipwa, ingawa baada ya kuvutana sana juu ya asilimia. Ripoti ya kwanza siruhusiwi kuiondoa kwenye faili, na sidhani ningetaka. Niliambatisha ya pili juu yake, yenye kurasa sita, na ile grisi kavu ya kwenye matundu ya bolti iko ukurasa wa kwanza.