Jinsi Nilivyojifunza Kuitupa Pea ya Jeki

Nilikulia Ngarenaro, jijini Arusha, ambako karata huchezwa kwenye kijiwe cha kahawa tangu alasiri hadi muuza kahawa anapokusanya vikombe vyake. Tulikuwa na michezo mingi, na yote ilikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyewahi kuitamka: karata ulizogawiwa utazicheza mpaka mwisho, ziwe nzuri au mbovu, na anayeziweka chini katikati ya mchezo huchekwa wiki nzima. Nalieleza hilo mapema kwa sababu ndilo lililonigharimu fedha nilipoanza kucheza poka mtandaoni miaka mingi baadaye, nikiwa mtunza hesabu mwenye familia, nimekaa sebuleni kwangu, mtaa wa Sakina, Arusha, na simu mkononi baada ya watoto kulala.

Poka ninayoicheza ni ile ya Texas, isiyo na ukomo wa dau. Kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, kisha mezani hufunuliwa tatu kwa pamoja, halafu ya nne, halafu ya tano, na kila hatua ina mzunguko wake wa madau. Kutokuwa na ukomo maana yake ni kwamba mtu anaweza, zamu yake ifikapo, kusukuma katikati kila alichonacho. Vile vibao vya rangi vinavyosimama badala ya fedha wenyewe huviita chipsi, neno ambalo kwa mtu wa Arusha huleta njaa kabla ya kuleta fikra. Mimi hukaa kwenye meza za chini kabisa, ambako madau ya lazima ni senti 1 na senti 2 za dola na mtu huanza na dola 2. Nilitenga dola 10 kwa mwezi, Mama Neema anazijua, na zikiisha naifunga programu hadi mwezi mwingine. Kiasi ni kidogo, lakini katika miezi ya mwanzo zilikuwa zikiisha kabla ya tarehe 15, na karibu kila mara ziliishia kwenye karata za namna moja.

Hazikuwa karata mbovu. Mbovu nilijifunza kuzitupa katika wiki ya kwanza. Zilizonimaliza ni zile zinazopendeza machoni lakini hazina kinga, na pea ya jeki ndiyo kubwa lao. Kabla mezani hapajafunuliwa kitu, pea hiyo inazidiwa na pea za malkia, mfalme na ree tu. Hata hivyo, karibu mara 57 katika kila 100, zile karata tatu za mwanzo huwa na malkia, mfalme au ree walau moja, na hapo ubora wake unaanza kutia shaka. Zisipotokea, bado una pea moja, ambayo haina njia nyingi za kukua, ilhali mwenzako aliyeingia na karata mbili zinazofuatana, au za alama moja, anasubiri tu moja ya kumkamilishia. Nami nilikuwa nimeshikilia sheria ya kijiweni: nimegawiwa jeki mbili, nitakufa nazo.

Kilichonizindua ni bando. Usiku mmoja wa mvua za Aprili nilikuwa na pea ya kumi, mezani pamejaa karata za kutisha, na mpinzani alikuwa amepandisha dau langu mara tatu. Saa ya programu ilikuwa ikihesabu sekunde nami nikijipa kila sababu ya kufuata, yaani kuweka kiasi kile kile alichoweka yeye, ndipo bando likaisha. Mtandaoni hakuna anayekusubiri. Muda ukipita na dau liko mbele yako, programu inakutupia karata. Niliponunua bando jingine na kurudi nilikuta mkono, yaani mchezo ule mmoja tangu karata kugawiwa, umekwisha na fungu la madau yaliyokusanyika katikati limechukuliwa, na ajabu ni kwamba nilijisikia kama mtu aliyetuliwa gunia la mkaa kichwani. Kesho yake nilimsimulia jirani yangu, mwalimu wa hisabati, naye akaniangalia juu ya miwani: "Kwa hiyo ulikuwa unajua, Baba Neema. Sasa kwa nini ulisubiri bando liishe?"

Swali hilo nilikaa nalo siku kadhaa. Nilifungua kumbukumbu za michezo yangu, ambazo programu huzihifadhi, nikaandika kwenye daftari kila mara nilipofuata dau kubwa kwenye karata ya nne au ya tano nikiwa na pea moja. Kurasa mbili zilijaa, na ushindi ulihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Nikifanya kazi ya hesabu mchana kutwa, sikuhitaji kuelezwa maana ya safu ile. Niligundua pia kwamba katika kila mkono nilikuwa nimejiuliza swali lisilofaa, yaani kama karata zangu ni nzuri. Lililofaa ni hili: mtu huyu, aliyecheza hivi tangu mwanzo, anaweza kuwa na karata zipi, na katika hizo mimi nazishinda ngapi?

Mkono nilioutumia kujipima ulikuja Julai, wakati wa baridi ile ya Meru inayokufanya ucheze ukiwa umejifunika blanketi. Nilipata jeki ya kopa na jeki ya pau. Nilipandisha dau hadi senti 6, wote wakajitoa isipokuwa mtu mmoja, yule aliyekuwa ameweka dau la lazima la senti 2, aliyenifuata. Mtu huyo nilikuwa nimemtazama kwa saa mbili: anafuata sana, hapandishi. Fungu lilikuwa senti 13, ikiwamo senti 1 ya lazima ya aliyejitoa. Zikafunuliwa tisa ya shupaza, nane ya shupaza na nne ya uru. Akapita, yaani hakuweka kitu, nikaweka senti 9, akafuata, fungu likawa senti 31. Karata ya nne ikawa saba ya shupaza. Akapita tena, nami nikaweka senti 20, kwa mazoea zaidi kuliko kwa hoja, lazima nikiri. Safari hii alipandisha hadi senti 70.

Kwa hesabu ya haraka bei haikuwa mbaya. Katikati palikuwa na senti 121, nami nilitakiwa kuongeza 50, kwa hiyo ningelipia 50 ili nishindanie 171. Nikishinda zaidi ya mara 29 katika 100, nimepata faida. Zamani ningeishia hapo na kubonyeza. Lakini karata ya tano bado ilikuwa haijaja, na mtu anayepandisha namna ile hasimami njiani, atasukuma zilizobaki. Kwa hiyo bei yenyewe ilikuwa senti zangu zote 165, katika fungu ambalo lingefika dola 4 na senti 1, na kwa bei hiyo nilihitaji kushinda mara 41 katika 100.

Ndipo nikamgeukia yeye. Mwenye shupaza mbili mkononi, pamoja na tatu za mezani, alikuwa na tano za alama moja na amekwisha kunishinda, na kwa kuwa mimi sikuwa na shupaza hata moja, dhidi yake hakuna karata ya tano ambayo ingeniokoa. Ningekuwa na jeki ya shupaza ningepumua kidogo, kwani shupaza nyingine ingeweza kunifaa. Mwenye jeki na kumi alikuwa na mfuatano tayari, yaani karata tano mfululizo, saba hadi jeki. Jeki mbili nilizishika mimi, hivyo mchanganyiko huo ungeweza kupatikana kwa njia 8 tu badala ya 16, lakini kumi ikija tungegawana fungu, nisingeshinda. Mwenye sita na tano naye alikuwa na mfuatano, na wenye tatu za aina moja walikuwamo. Dhidi ya tatu za aina moja zilibaki karata 6 za kunisaidia, yaani kumi nne na jeki mbili, kati ya 44. Niliowashinda ni wenye pea ndogo na wapiga mkwara, wale wanaopandisha dau kutisha tu bila karata. Hapo ndipo tabia ya mtu inapoingia kwenye hesabu, kwa sababu kuna mchezaji mwingine aliyekuwa kushoto kwangu, anayepandisha dau hata kwa karata za kufungia maandazi, ambaye angefanya vile vile nami ningemfuata bila kunung'unika. Huyu wa saa mbili za kufuata hakuwa amepiga mkwara hata mara moja, na sikuona kwa nini angeanza kwenye meza ya kutisha namna ile.

Zilibaki sekunde saba. Nilibonyeza kitufe cha kutupa, na jeki zangu zikageuka nyuma na kupotea. Mkono wangu, nao nausema huu wa kulia wenye vidole, ulikuwa unatetemeka kuliko siku zote nilizopoteza dola 2 nzima.

Mama Neema alikuwa ameketi pembeni akishona kifungo cha shati la shule. "Umeshinda?"

"Nimepoteza senti 35."

"Na yeye alikuwa na nini?"

"Sijui. Ukitupa karata, mwenzako halazimiki kukuonyesha zake."

Aliukata uzi kwa meno, akanitazama kwa muda. "Yaani umetoa hela, na hata kuona hukuona?"

Nikamwambia ndiyo. Akasema basi huo ni mchezo mgumu kuliko alivyodhani, akachukua shati la pili.