Mama wa kwenye simu

Siku ya nne baada ya kurudi kutoka Uholanzi, mwanangu aliingia jikoni kwa bibi yake akiwa na simu mkononi, akasema, "Mayu, tumpigie mama." Mimi nilikuwa palepale, nimekaa kwenye kigoda nachambua dagaa. Angenyoosha mkono angenigusa.

Nawaandikia hasa akina mama wenzangu wanaopata nafasi ya kusoma au kufanya kazi ng'ambo na kulazimika kumwacha mtoto mdogo nyumbani. Wakati wa kuondoka kila mtu ana ushauri: viza, koti la baridi, usisahau unga wa ugali. Kuhusu kurudi, sikuambiwa chochote na mtu yeyote. Nilidhani kurudi ni kushuka tu kwenye ndege.

Niliondoka Mwanza mwezi wa Oktoba. Masanja alikuwa na mwaka mmoja na miezi tisa. Kozi yangu ya maji ilikuwa ya miezi 18, katika mji wa Delft. Mume wangu anafanya kazi mgodini Geita na huja nyumbani mwisho wa mwezi, kwa hiyo mtoto alikwenda kwa mama yangu Igombe, ambaye maisha yake yote amekuwa akinunua dagaa mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inapotua, kuwaanika na kuwauza. Watu wote kule humwita Mayu, na mtoto naye akamwita hivyo hivyo. Kwa Kisukuma mayu ni mama. Sikulitilia maanani hilo wakati naaga.

Mimi nimezaliwa ukingoni mwa ziwa, na safari yenyewe ilinipokea kwa habari ya ziwa. Kiwanja cha ndege cha Schiphol kiko mahali palipokuwa na ziwa, Haarlemmermeer. Walilizungushia tuta na mfereji, wakafunga mashine tatu za mvuke, zikavuta maji miaka zaidi ya mitatu hadi likakauka mwaka 1852. Ziwa Victoria liko karibu mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Nilitoka kwenye maji yale nikaenda kutua kwenye sakafu ya ziwa la watu, kama mita tatu chini ya bahari. Nilipomsimulia mama kwenye simu alikaa kimya kidogo, halafu akauliza, "Na samaki waliwapeleka wapi?" Nililipeleka swali lake darasani, na tulilijadili mpaka kipindi kikaisha. Hadi leo, katika yote niliyosoma kule, swali la mama ndilo linalonijia mara kwa mara ninapokuwa kazini.

Simu yetu ilikuwa kila siku saa kumi na mbili jioni ya Igombe. Nyuma ya nyumba ya mama kuna jiwe kubwa, na juu yake ndipo intaneti inaposhika vizuri, basi alikuwa anapanda na mtoto mgongoni ili nimwone. Jumapili ya mwisho ya Oktoba wenzetu wale hurudisha saa nyuma, na tofauti kati yetu ikawa saa mbili badala ya moja. Mimi sikujua. Nilipopiga, giza lilikuwa limeshaingia, na mama alikuwa bado amekaa juu ya jiwe, mtoto amelala kwenye kanga. Hakunilaumu. Tangu siku hiyo niliweka saa ya pili mezani kwangu, nikaiacha kwenye majira ya Mwanza. Desemba, jua la kule likizama saa kumi na nusu jioni, nilikuwa natazama ile saa na kujua kwamba Igombe watu wameshakula.

Nilirudi Aprili, mwaka wa pili. Nyumba ilijaa ndugu na majirani, zawadi zikagawanywa na nyingine hazikutosha, waliofurahi walifurahi na walionuna walinuna. Hayo yalipita. Kilichonichoma ni kwamba Masanja, alipoambiwa amsalimie mama, alinijia vizuri kabisa, akasema "Shikamoo" kama alivyofundishwa kuwaamkia wageni, kisha akarudi kujificha nyuma ya kanga ya bibi yake.

Hapo nikafanya kosa langu kubwa. Shoga mmoja alinishauri nimchukue mtoto haraka, nimpeleke kwangu Kiseke, mjini Mwanza, akilia siku mbili atazoea. Nilimbeba siku iliyofuata. Alilia kutoka kwenye daladala, akakataa uji, akakataa maji, akalia mpaka sauti ikakauka. Usiku wa manane alilala sakafuni mlangoni, viatu vyake amevishika mkononi. Alfajiri nilimrudisha Igombe. Mama alinipokea mtoto mikononi, akamkandakanda mgongo, na alipolala akaniambia, "Mwanangu, mtoto si gunia la dagaa useme nakuja kuchukua mzigo wangu."

Niliona alivyoumia yeye pia. Miezi 18 alikuwa ameamka usiku kwa homa za mtoto yule, amembeba kwenda zahanati, amemfundisha kusema. Nami nilikuja kumng'oa kwa siku moja, bila hata kukaa naye kitako tukazungumza. Nilimwomba radhi. Kisha nikaomba likizo kazini, wiki tatu, nikahamia Igombe na begi moja.

Ndipo ikafika ile siku ya "tumpigie mama". Mama alinitazama, machozi yakimlengalenga. Sijui nilipata wapi wazo lile. Niliinuka nikatoka na simu yangu, nikaenda kusimama nyuma ya lile jiwe, na mama akampigia kwa simu yake. Masanja alipoona uso wangu kwenye kioo alichangamka kama nilivyomzoea, akaanza kunihadithia kuku wa jirani. Nikamwambia, "Subiri, mama anakuja." Nikaanza kutembea huku nazungumza naye, nikipita kwenye chanja za dagaa, nikizunguka nyumba, mpaka nikasimama mlangoni simu bado iko usoni pangu. Akatazama kioo. Akanitazama mimi. Akarudi kwenye kioo, akaigeuza simu kuona kama kuna mtu nyuma yake. Halafu akaitupa chini, akamkimbilia bibi yake analia.

Tulirudia kesho yake, na keshokutwa. Siku ya tatu hakulia. Alikuja mwenyewe hadi mlangoni, akanishika shavu kwa kidole kimoja, taratibu, kama anayejaribu uji kama umepoa. Siku ya tano alikuwa ananisubiri nitokee kona ya nyumba na kucheka kabla sijafika.

Lakini lililosaidia zaidi lilifanywa na mama. Kila mtoto alipomwomba kitu, maji, ndizi, kufungwa kifungo, alimjibu, "Mimi sijui, muulize mama yako." Alijifanya hajui vitu vyote alivyokuwa anavijua. Nilikuwa namwona anavyoshika mikono yake nyuma asimfunge mtoto kifungo. Sidhani kama nimewahi kupewa zawadi kubwa kuliko ile.

Yeye ndiye aliyenirudisha mimi pia. Wiki ya kwanza nilipita mwaloni na haraka zangu za Delft, ambako watu hupishana barabarani kila mtu na lake, nikawapita wazee waliokuwa wanashona nyavu bila kuwaamkia. Jioni mama akaniambia, "Leo umepita wazee kama unapita miti." Kesho yake niliwarudia mmoja mmoja: shikamoo, za hapa, habari za ziwa. Ilichukua saa nzima. Mzee mmoja aliniuliza kama kweli Wazungu wamekausha ziwa, maana mama alikuwa ameshaitangaza habari hiyo.

Kumhamishia mtoto mjini tulisubiri mbalamwezi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa mitumbwi hupumzika, na mama hana kazi mwaloni. Alikuja naye Kiseke, wakalala chumba kimoja nami usiku tano. Usiku wa kwanza Masanja katikati, amemgeukia bibi. Usiku wa nne nilishtuka nikamkuta amelaza mguu wake juu ya tumbo langu, na sikujigeuza mpaka asubuhi, ingawa mkono wangu ulikuwa umekufa ganzi. Giza liliporudi, mama alirudi Igombe. Alimuaga mtoto akiwa macho, mchana kweupe, akamwambia siku atakayokuja. Mtoto alilia, lakini alilia mikononi mwangu.

Sasa ni miezi minane. Akiugua usiku bado humwita Mayu, nami huamka na kwenda bila kusahihisha jina. Ile saa ya pili niliyoiweka mezani Delft iko ukutani sebuleni, na Masanja ameshajua mishale ikikaa wima, mmoja juu mmoja chini, ni wakati wake wa kuchukua simu yangu. Mama anapanda jiwe na kumgeuzia kamera upande wa ziwa, mitumbwi inatoka na taa zake, na mtoto anaihesabu kwa sauti mpaka pale anapojua kuhesabu, kisha anaanza upya.